Kamera ndogo ya video ya HD: miezi minane mkononi

Kila anayeiona kamera hii mkononi mwangu huniuliza swali lile lile: ya nini, ilhali simu unayo? Nimeitumia miezi minane, nyumbani na safarini, na jibu langu limo ndani ya lenzi. Lenzi hiyo huvuta picha karibu mara 30 kwa vioo vyenyewe, wakati simu nyingi zikishafika mwisho wa vioo vyake hukata tu kipande cha picha na kukitanua. Nikiwa safu ya mwisho ukumbini niliviona vidole vya mpiga zumari vikifunga na kufungua matundu, na picha haikufifia. Ile mara 350 inayotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi ipuuzwe: ziada yote ni ya kidijitali, na ukiifikia, sura ya mtu huwa mabaka matupu. Niliizima siku ya kwanza.

Kuvuta mbali kuna gharama yake, kwani ukifika mwisho wa lenzi hata pumzi yako huonekana kwenye picha. Kitulizaji cha mtikisiko hufanya kazi nzuri ukiwa umesimama, hasa ukiegemea ukuta au nguzo, lakini ukitembea huku unarekodi, kila hatua itahesabika.

Umbo lake ni jembamba, uzito haufiki gramu 250 pamoja na betri, na mkanda wa pembeni huibana vizuri kwenye kiganja. Ukifunua skrini inawaka, ukiikunja inazimika, jambo ambalo msafiri atalishukuru pindi basi linapopita penye mandhari ya sekunde tano. Kifuniko cha lenzi, hata hivyo, hufunguliwa kwa kidole, na katika jua kali la mchana skrini hugeuka kioo cha kujitazamia. Hivyo ndivyo nilivyorekodi dakika nzima ya weusi nikidhani ni jua tu linaloniziba.

Jioni ndipo inaponiangusha. Kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kwa hiyo mwanga ukipungua picha hujaa chembechembe, na fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha, huhangaika huku na huku ikitafuta pa kushika. Simu nzuri, ambayo huchanganya fremu (picha moja moja) kadhaa kwa hesabu, huishinda waziwazi katika chumba chenye taa moja. Taa zenyewe zikimemeteka kwenye video, tazama masafa ya umeme wa mahali ulipo, yaani mara unazobadilika kwa sekunde: penye hezi 50, kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa tatizo hilo.

Katika kurekodi kwa muda mrefu sina lalamiko kubwa. Kamera nyingi za picha mnato zilikuwa zikikatiza kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, mazoea yaliyotokana na ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, ambao ulikihesabu kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kuwa kamera ya video. Hii haina kikomo hicho. Kwa ubora wa 1920 kwa 1080, fremu 50 kwa sekunde, hutumia megabiti 28 kila sekunde, yaani gigabaiti 12 na nusu hivi kwa saa, na kadi ya gigabaiti 32 hujaa ndani ya takriban saa mbili na nusu. Faili hukatwa kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye kadi, haupokei faili inayozidi gigabaiti 4, nami nilipoziunganisha kwa programu ya kawaida sauti ilikwaruza penye kiungo. Aliyeuweka mlango wa kadi chini ya kamera, sijui alifikiria nini: ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, sharti uiondoe kabisa kwenye stendi ndipo ubadilishe kadi.

Betri yake hudumu zaidi kidogo ya saa moja, basi ongeza ya pili, na kwenye ndege betri hiyo ya akiba iwe katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo ya chini. Maikrofoni ya ndani hunasa maneno vizuri mkiwa hatua mbili tatu, ila upepo huyameza yote, na tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje halipo. Anayekusudia kuhoji watu barabarani atafute kamera nyingine.