Kilimanjaro njia ya Machame: walipima oksijeni ya bazungu, ya kwangu wakaruka

Naandika nikiwa bado na hasira, nisameheni kama maneno yatakuwa mengi. Jina la kampuni sitalitaja, walioenda nao watawatambua wenyewe. Mambo ya bei, ya siku ngapi, ya buti gani ununue, hayo yamejaa kila fasi, tafuteni huko. Miye niko na jambo moja tu.

Kila jioni kwenye hema la kulia, chai ikishakuja na bisi, kiongozi mkuu alikuwa anatoa mfukoni kile kidude cha kubana kidole, oksimita, kinachosoma oksijeni iliyo kwenye damu na mapigo ya moyo. Anapita mmoja mmoja, anauliza kichwa kinauma? umekula? umelala? halafu anaandika kwenye kadaftari kake. Mezani tulikuwa watu watano. Alikuwa anapima wanne. Wanne ni bazungu wa Ujerumani, mabwana na mabibi zao, watu wazuri sina neno nao. Wa tano ni miye wa Goma. Na dola tulilipa sawasawa, tuliambiana wenyewe tukiwa tunapanda, hakuna aliyepewa bei ya rafiki.

Jioni ya kwanza nikasema labda amesahau, mtu amechoka. Tulipofika kambi ya Shira akapima tena wale wanne, akafunga kadaftari. Nikanyoosha kidole changu pale mezani, kati ya sahani ya bisi na termosi, nikamuuliza, na miye kiongozi? Akacheka. "Aa dada, wewe mtu wa Goma bwana! Nyie mmezaliwa kwenye volkano, hiki kidude ni cha wazungu." Kijana wa kuleta chakula naye akacheka, na wale Wajerumani wakacheka juu waliona watu wanacheka, Kiswahili hawasikii. Nikarudisha kidole changu kwenye glavu.

Sasa ngojeni niwaeleze huyo mtu alisema nini, juu kuna wengi hata hapa kwetu wanafikiri hivyo hivyo, kwamba sisi wa Kivu mlima ni nyumbani. Goma iko kwenye mita kama 1,500 hivi. Nyiragongo yetu yenyewe, na nimeipanda wakati parke ilikuwa inapokea watu, nimelala kule juu ukingoni kwenye tule tujumba tudogo na baridi yake nikaijua, inaishia 3,470. Shira tulipokuwa tumekaa tunakula bisi inapita 3,800. Maana yake usiku wa pili tu tayari nilikuwa nimelala juu kuliko kilele cha volkano ninayotajiwa! Hata Karisimbi, ile tunayoiona asubuhi mawingu yakiondoka, ni 4,507, na kambi ya Barafu, ambako unalala masaa machache kabla ya kwenda kileleni, iko juu yake. Kuna watu wa Tibet na wa Andes, vizazi na vizazi vimeishi kwenye mita 4,000, damu yao imejipanga kwa hiyo hewa. Goma haiko Tibet. Miye nimekulia kando ya ziwa.

Na ugonjwa wa mwinuko hauulizi pasipoti. Hauulizi hata mazoezi, unaweza kumwangusha kijana anayekimbia kila asubuhi ukamwacha baba wa miaka sitini anakula vizuri. Unavyopanda kanieneo ya hewa inashuka, ukifika kilele cha Uhuru pale 5,895 kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata kando ya bahari. Mwili unazoea lakini unataka muda, njo maana njia ya Machame inakupandisha mpaka mwamba wa Lava Tower, zaidi ya 4,600, halafu inakushusha kulala kambi ya Barranco chini ya 4,000. Hilo wamelipanga vizuri, siwezi kusema uongo. Ila ukizoea au usizoee utajulikana namna gani kama mtu hakuangalii?

Kabla sijafika kwenye ule usiku niseme juu ya wagumu, wale wabeba mizigo, maana hawana kosa lolote na sitaki hasira yangu iwaguse. Ule ukuta wa Barranco miye nilikuwa naupanda kwa mikono na magoti, natafuta fasi ya kushika, na wao wananipita wana meza kichwani, mtungi wa gesi begani, na bado mmoja anageuka kuniambia pole dada, weka mguu hapo kushoto. Mzigo kisheria mwisho wake ni kilo 20 na kwenye geti kuko mizani, nimeona kwa macho wakipima, lakini kilo 20 za kwenye mizani na kilo 20 za pale ukutani haziko kitu kimoja. Kama review hii ingekuwa ya wagumu peke yao ningeweka nyota zote na kuongeza.

Kichwa kilianza kuuma kwenye kambi ya Karanga. Kidogo kidogo, nyuma ya macho. Nikamwambia kiongozi mkuu, akasema kunywa maji dada, pole pole. Nimekunywa. Barafu uji ukaja nikautapika wote nje ya hema, nikamwambia tena, safari hii mbele ya wengine, akasema ni wasiwasi wa kilele, kila mtu anao. Wale bazungu wakapimwa. Kwangu akapita! Nikasema kwa sauti, nimetapika, nipime. Akasema betri imekwisha. Betri ambayo imetoka kusoma watu wanne dakika hiyo hiyo.

Tulianza kupanda karibu saa sita usiku, tochi vichwani, upepo ule wa kuingia mpaka kwenye meno. Nyuma yangu alikuwa kiongozi msaidizi, kijana mpole ambaye safari yote alikuwa hasemi sana. Yeye njo aliona miguu yangu. Akanisimamisha, akachora mstari kwenye changarawe kwa fimbo, akaniambia dada tembea hapa juu ya mstari, kisigino kiguse vidole. Nikapiga hatua, nikaenda kushoto peke yangu kama mtu amesukumwa. Mara ya pili vile vile. Akapanda mbio mpaka kwa mkubwa wake, akarudi na kile kidude, betri ikiwa nzima kabisa, akanivua glavu, akakibana kwenye kidole. Tukaangalia wote wawili kwenye mwanga wa tochi: oksijeni 64 kwa mia. Alipopima cha kwake ilitoka 85.

Mkubwa akashuka kuja kuangalia. Nawasikia wanabishana juu ya kichwa changu.

"Amebakiza kidogo, mwache apande."

"Kaka, huyu hapandi."

"Ofisini tutasemaje?"

"Hapandi, kaka. Anashuka sasa hivi, na mimi."

Huyo kijana alikuwa anaweka kazi yake hatarini pale, mbele ya mkubwa wake, kwa ajili ya mtu asiyemjua. Tukashuka. Barafu hatukukaa, akasema hapana, mtu anayeyumba hivi halazwi, anashushwa, na tukaendelea kwenye giza, ameshika mkanda wa begi langu kwa nyuma nisianguke. Kupepesuka kule ni dalili kwamba shida inaingia kwenye ubongo, si kichwa kuuma tu, na dawa ya kwanza ni kushuka, vidonge na chupa ya oksijeni ni vya kukusaidia ushuke. Tulipofika kambi ya Millennium, kule chini karibu 3,800, kulikuwa kumekucha na nilikuwa naweza kufunga kamba za buti mwenyewe. Nikaomba chai. Nikainywa yote ikakaa tumboni.

Kileleni sikufika. Hilo nimelikubali, mlima haukimbii. Nisichokubali ni geti la Mweka, wakati wanagawa vyeti, watu wanapiga makofi na kuimba, kiongozi mkuu anasimama mbele ya vikundi vingine anasema kwa sauti, na Mkongo wetu baridi imemshinda! Watu wakacheka. Baridi!! Nikamwendea. Nikamwambia nionyeshe kadaftari. Hakutaka, lakini kijana msaidizi alikuwa pale, na wale Wajerumani nao walikuwa wameshaelewa kuna jambo, mama mmoja akasema kwa Kiingereza hata sisi tunataka kuona. Akafungua. Kila ukurasa una tarehe, majina manne, namba mbili mbili pembeni. Jina langu haliko. Hakuacha hata mstari wazi wa kusema nitajaza baadaye. Kwenye kadaftari kale sikupanda mlima.

Nimepiga picha kila ukurasa. Bakshishi niliwapa wagumu mkononi, mmoja mmoja, na wapishi, na kijana msaidizi nikamwongezea ya mkubwa wake. Mkubwa alinyoosha mkono nikampita.

Mtu ataniuliza juu ya nini sikupanda Ruwenzori, iko kwetu, kilele chake Margherita ni 5,109, cha tatu Afrika. Ndugu zangu, upande wa Beni na Mutwanga mnajua usalama unavyokuwa, si watu wa kuambiwa. Tungekuwa na amani mimi dola zangu zingebaki Mutwanga.

Picha nimezituma ofisini kwao. Wamejibu wanasikitika kwa usumbufu na watanipa punguzo nikirudi. Nilikuwa nimeweka nyota tatu, juu chakula kilikuwa kizuri, mahema mazima, wagumu dhahabu. Nikasoma tena lile neno "usumbufu", nimerudi kubadilisha, ni moja. Halafu nikimfikiria yule kijana nyota moja inakuwa kama namtukana na yeye. Basi someni hivi: kampuni moja, kijana tano. Nikisikia amekuwa kiongozi mkuu fasi yoyote, hata kampuni ya mahema yaliyotoboka, narudi naye mpaka Uhuru, pesa nimeanza kuweka.

Na wewe wa Goma au Bukavu unayejiandaa, nunua oksimita yako kwenye famasi, iingize mfukoni, ujipime mbele yao kila jioni na uwaambie waandike.