Seti ya vishimo 96 ya kupima atrazini: inayafaa maji ya mito yetu?

Kwa anayetafuta atrazini, dawa ya kuua magugu, katika maji ya mito ya Mwache, Kombeni au Ramisi, seti hii inayotumia kingamwili (protini inayoinasa dawa hiyo) inafaa, mradi ajue inachosoma. Inafika chini hadi mikrogramu 0.1 kwa lita, kikomo cha Ulaya kwa maji ya kunywa. Marekani kikomo ni 3, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 100. Ukiripoti "imezidi", taja imezidi kikomo cha nani.

Rangi husomwa kinyume. Dawa iliyomo majini hugombania kingamwili na dawa iliyofungwa kwenye kimeng'enya, kinacholeta rangi, kwa hiyo kishimo kilichofifia ndicho chenye dawa nyingi. Asidi ya mwisho hugeuza bluu kuwa manjano. Soma hapo hapo kwa mashine ya kupima rangi, kwenye mwanga wa nanomita 450.

Joto la Mombasa ndilo adui mkubwa. Seti hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8, lakini chupa zote zitolewe mapema zifikie joto la chumba. Ukitumia ya baridi, rangi haiivi. Sahani yenye vishimo ikiwekwa karibu na dirisha, vishimo vya pembeni hupata joto kuliko vya kati na majibu ya sampuli moja hayalingani. Washa kiyoyozi, funika sahani.

Chumvi nayo huvuruga kingamwili. Mwache na Kombeni huingia kwenye hori, basi chota wakati maji yanakupwa, upande wa juu wa mto kupita mikoko, na upime kwanza chumvi yake. Wakati wa masika chuja tope kwa karatasi ya nyuzi za kioo. Sampuli ibebwe kwenye chupa ya kioo cha kahawia, ndani ya barafu.

Hesabu ya vishimo: viwango 6 (maji yenye kiasi cha dawa kinachojulikana) na udhibiti mmoja wa kuhakiki, kila kimoja mara mbili, ni 14. Vinabaki 82, sampuli 41. Usizipime zote kwa pipeti ya mdomo mmoja. Ukifika kishimo cha mwisho, cha kwanza kimeshatangulia kwa dakika kadhaa.

Kasoro yake: haitofautishi ndugu. Propazini na ametrini, dawa ya miwa, nazo huonekana kama atrazini, kwa hiyo jibu la juu lithibitishwe maabara kwa kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja. Glifosati, dawa nyingine ya magugu, seti hii haiioni kabisa. Hiyo ina seti yake, na sampuli yake ibebwe kwenye plastiki maana hung'ang'ania kioo.