Jamaa wa maandiko ya miradi pale Kabwe, nyota nne

Wenye vikundi Mbeya mnaohangaika na ruzuku, kuna ofisi ndogo ya kuandika maandiko ya miradi pale Kabwe, ghorofani juu ya duka la vipuri. Kazi yake nzuri, ila ana mambo yake ntayasema.

Sisi ni kikundi cha Uyole, wazazi wenye watoto wenye ualbino na watu wazima wenye ualbino wamo humohumo, sasa kwenye grupu la wasap likarushwa tangazo la Wamarekani la usawa wa rangi, dola milioni 90, basi kila mtu hii yetu hii. Ofisi ya kwanza tulioenda (siitaji) wakataka hela ya fomu palepale na asilimia kumi mzigo ukitoka, na tangazo lenyewe hata hawakulisoma!! Huyu wa Kabwe alilifungua kwenye kompyuta mbele yetu akasoma mpaka chini. Kumbe ni Racial Equity 2030 ya mfuko wa Kellogg, haohao wa konfleksi, mzee wao aliuanzisha 1930, na shindano lilitangazwa 2020 na dunia nzima iliruhusiwa kuomba, sema washindi watano walishatajwa tangu 2022. Akasema mama zangu, basi hili lilishatoka stendi zamani. Mwenzetu mmoja akang'ang'ania hela za MacKenzie Scott, yule aliyekuwa mke wa Bezos, akaonyeshwa tangazo la 2023 la Yield Giving, ndo mfuko wake huyo mama, lilikuwa la mashirika ya hukohuko Marekani yenye bajeti ya mwaka kati ya dola milioni 1 na 5. Sisi benki tuna laki saba. Tulicheka kwa kweli.

Ila hakuishia kutukatisha tamaa. Akatuambia wafadhili wa aina hii wanachoangalia sana ni nani anaongoza, wanataka wanaoumia na tatizo ndio wawe kwenye maamuzi, alafu akauliza, haya kwenye uongozi wenu mwenye ualbino ni nani? Kimya. Tukahesabu tukakuta mweka hazina peke yake. Akasema rudini mkae kikao, mje na muhtasari uliosainiwa, ndo ntaandika.

Bajeti ndo usiseme, kalamu nyekundu mkononi anapita mstari kwa mstari. Tuliweka losheni za Kilisun, zile za kukinga ngozi na jua, akauliza zinatengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, mtazifikishaje Uyole, mbona sioni nauli ya mzigo? Mstari wa chai ya viongozi akaufuta bila hata kutuangalia usoni, mwenyekiti alinuna mpaka tunashuka ngazi.

Pia ndo tulielewa kwake kwamba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba, unarudishwa, msiuandike kama ruzuku. Na kwamba kikundi kama chetu usajili unaishia halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, ila mkitaka kuwa NGO kamili mnaenda kwa Msajili kwa sheria ya 2002. Akatushauri tuanze na wafadhili wa ndani kama Foundation for Civil Society, andiko limeenda huko, majibu bado, kwahiyo kama nyota nne zinategemea hela kuingia basi msinisikilize.

Nyota moja nimekata kwa sababu simu hapokei, ukimtumia meseji anajibu usiku wa manane. Kiingereza chake kwenye andiko kizito mno, mweka hazina wetu akiulizwa na mfadhili "hii sentensi inamaanisha nini" sijui atajibu nini, ikabidi tumwombe atupe na nakala ya Kiswahili na aliongeza bei kidogo.

Analipwa kwa andiko, asilimia hachukui. Kuprinti na kuskani ni hela ya pembeni na hasemi mpaka mwisho, ulizeni mapema, na nendeni asubuhi, mchana foleni ya wanachuo wa ripoti za field inafika mpaka kwenye ngazi.