Fundi wa lipu ya chokaa Tukuyu, kaiokoa nyumba ya babu

Nyumba yetu ya urithi ipo nje kidogo ya Tukuyu, babu aliijenga 1958 kwa tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo, na mnaoijua Rungwe mnajua mvua ya huku haina likizo. 2019 tukaita fundi mmoja akapiga lipu ya simenti ndani na nje, ikapendeza kweli, mwaka haujaisha rangi ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, chumba cha mama kikanuka uvundo, na ukigonga lipu pale chini inalia tupu, nyuma yake tofali limelowa linamomonyoka mkononi. Iliniuma sana.

Mdogo wangu yuko Uingereza, akanitumia picha za Gold Hill kwenye mji wa Shaftesbury, kile kilima kikali chenye vijumba vya zamani vya mawe vimeshikana vinashuka kama ngazi, vingine vimeezekwa nyasi. Akanieleza kule nyumba za kale zinaingizwa kwenye orodha ya taifa, zina madaraja kabisa, na karibu kila iliyojengwa kabla ya 1700 ikabaki na umbo lake imo, ukiibadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Kuta zake kumbe hazina nailoni ya kuzuia maji ya chini, sawa na zetu tu, ndo maana wanazikarabati kwa chokaa, simenti inafungia unyevu ndani. Nikasema mbona ndo ugonjwa wetu huu!

Kutafuta fundi anayejua chokaa ilichukua miezi, wengi wanakwambia ni ya kupakia rangi tu. Huyu mzee alivyofika hakutoa hata futi, aliweka kiganja ukutani akatulia, akasema, "Mwanangu, huu ukuta mmeuvalisha koti la mvua, jasho lake litokee wapi?" Nikajua nimempata.

Akabandua simenti yote taratibu kwa patasi, akaacha ukuta wazi ukauke wiki kadhaa. Chokaa akailoweka kwenye pipa mpaka ikawa laini kama siagi, akachanganya na mchanga uliochekechwa, moja kwa tatu, akapiga safu nyembamba nyembamba na kila safu anaifunika magunia mabichi, maana chokaa ikikauka haraka inapasuka, inatakiwa igande polepole na hewa.

Ufundi alichukua 450,000 kwa vyumba viwili, materiali juu yangu. Simu hapokei akiwa kazini, na ukimharakisha anakusanya miiko yake anaondoka, kwa hiyo kama unataka kuhamia mwezi ujao usimwite.

Masika imepita, chumba cha mama hakinuki, nikiweka kiganja pale chini pakavu kabisa. Umebaki ukuta wa jikoni, kasema anarudi akimaliza kuvuna mahindi, namsubiri.