Askari wadogo wa mezani: ununue aina gani ukiwa Mbeya au Iringa

Wengi wanaoanza kukusanya askari wadogo wa michezo ya vita ya mezani hununua kwa kuangalia picha ya boksi. Picha inavutia, kuna moshi, kuna vifaru, kuna mtu anarusha bomu la mkono. Boksi likifika Posta, ndani kuna watu thelathini waliovaa makoti mazito ya baridi ya Urusi, na mwenye boksi alitaka kikosi kilichopigana Malangali mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo hapa nimepanga aina za askari kwa vigezo viwili: uzito wa kifurushi, na jinsi askari anavyokubali kisu. Uzuri wa sura nimeuweka nyuma. Nyingi ya hizi sura zinakwenda kufunikwa na rangi.

Habari ya uzito si ubahili. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na kwa mzigo unaotoka nje haihesabiwi kwenye bei ya bidhaa peke yake: nauli na bima vinajumlishwa, ushuru wa forodha nao ukiwepo unaingia humo humo. Maana yake kila gramu unailipia mara mbili, kwanza kwa msafirishaji, halafu kwa serikali. Boksi la bei nafuu lenye uzito mkubwa linaweza kukutoka ghali kuliko boksi la bei kubwa lililo jepesi.

Na habari ya kisu ni hivi. Viwanda vya Ulaya na Marekani vinatengeneza kile kinachonunuliwa zaidi kwao: Normandy, Stalingrad, jangwa la Libya. Vita vilivyopita huku kwetu vina watengenezaji wachache, tena karibu wote ni wa chuma. Anayetaka kampuni ya tano ya jeshi la koloni la Wajerumani (Schutztruppe), ile iliyokuwa na kambi Masoko kule Rungwe, au kampuni ya pili iliyokuwa Iringa na Ubena, bila kulipia uzito wa chuma, lazima achukue askari wa mtu mwingine amgeuze.

Usinunue chochote kabla hujachagua skeli, yaani kipimo cha udogo wa askari wako. Katika 1/72, mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na urefu wa milimita 24 hivi. Wa milimita 28 ni mnene zaidi, kichwa kikubwa, mikono mikubwa. Ukimsimamisha karibu na wa 1/72 anaonekana kama baba yake. Hawachanganyiki. Na ukishanunua gari au nyumba kwa skeli moja, umefungwa hapo.

Nafasi ya kwanza: plastiki ngumu, milimita 28

Hawa huja wakiwa vipande kwenye fremu: viwiliwili, mikono, vichwa, bunduki, mikoba. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapa nafasi ya kwanza. Askari ambaye kichwa chake bado hakijashikizwa umeshamaliza nusu ya kazi ya kumgeuza. Ni wepesi pia, na boksi moja linagawanyika vizuri kati ya watu wawili, mmoja Mbeya na mwingine Iringa, wakachangia nauli.

Boksi la kutafuta ni lile la Jeshi la Nane la Uingereza, wale wa jangwani dhidi ya jenerali Mjerumani Rommel, Vita Kuu ya Pili. Perry Miniatures wanalo, Warlord Games nao wanalo. Usijali kwamba ni vita vingine. Angalia miguu: kaptula. Askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipigana kwa kaptula ya kaki, na kaptula ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kukitengeneza kwa mkono, kwa sababu inabidi uchonge magoti. Hapa magoti umepewa bure. Kofia ya chuma ndiyo inayoondoka. Ikate kwa wembe mpya usawa wa juu ya nyusi, weka punje ya epoksi ya kukanda (ile gundi ya udongo inayokauka ikawa ngumu), iviringishe iwe kopo fupi lililonyooka juu, kisha subiri ianze kukaza ndipo uibonyeze kwa sindano iliyoloweshwa maji. Ukiifanyia kazi ikiwa bado laini itakufuata kwenye kidole. Kitambaa cha kufunika shingo ni punje nyingine, iliyobanjwa ikawa kama ganda la kitunguu, ukaibandika chini ya kofia.

Kuhusu viatu, askari wengi wa KAR wa vita vile walitembea peku au kwa ndara. Kwangua ukingo wa juu wa buti, futa mstari wa soli, halafu paka rangi ya ngozi mpaka chini. Kuvichonga vidole ni kujitesa. Ukimshika kwa umbali wa mkono, jicho lenyewe linauona mguu mtupu.

Gundi ya kuunganisha plastiki hii ni tatizo kuiagiza, maana inashika moto na mizigo ya ndege haiitaki, sawa na rangi za kopo za kupuliza. Thina ya rangi za magari, ile inayouzwa kwenye maduka ya rangi, inafanya kazi hiyohiyo: inayeyusha kidogo pande zote mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Tumia brashi nyembamba, tone moja tu, fungua madirisha, na watoto wasiwe karibu. Tone la pili litamla uso.

Kasoro ya plastiki ngumu ni idadi. Kwa fedha ileile unapata watu wachache kuliko wa 1/72. Ila vita vya porini vya mwaka 1914 hadi 1918 huku havikuwa vya maelfu kujipanga uwandani. Doria ya watu ishirini, bunduki moja ya rashasha ya Maxim, na msururu wa wapagazi. Hiyo ni meza kamili. Wapagazi usiwasahau. Jeshi lolote la vita hivyo lililo mezani bila watu wenye mizigo kichwani ni uongo, na viwiliwili vya akiba vinavyobaki kwenye fremu, ukivinyang'anya bunduki na kuvibebesha mafurushi ya epoksi, vinakutosha.

Nafasi ya pili: plastiki laini, 1/72

Hii ndiyo njia ya wenye haraka ya kuwa na jeshi. Airfix walitoa askari wao wa kwanza wa aina hii mwaka 1959, na leo kuna Italeri, Zvezda, HäT, Strelets, Caesar na wengine. Boksi ni jepesi, watu ni wengi, ukimharibu mmoja haikuumi.

Shida ni plastiki yenyewe. Ni laini, inapinda, na thina haiifanyi lolote. Supaglu inaikamata kwa shingo upande. Kwa hiyo usitegemee gundi, tegemea msumari. Kata kichwa, chukua kipande cha sindano cha milimita nne au tano, kishike kwa koleo, kipashe moto kwenye mshumaa, kisukume ndani ya shingo. Kikipoa kimeshika. Kata ncha iliyobaki ibaki fupi, kipashe tena kwa kukigusa na kitu cha moto, sukuma kichwa kipya juu yake. Tone la supaglu ni la kuziba nafasi tu. Kabla ya rangi, waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, wakauke, kisha wapake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Ukiruka hatua hiyo, rangi itabanduka kwenye bunduki siku ya kwanza ya kucheza.

Kuna makundi matatu ningeyanunua.

La kwanza ni askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, wa Airfix au Emhar. Hao wana suruali na vitambaa vilivyozungushiwa kuanzia kifundoni hadi chini ya goti, na askari wa Schutztruppe alivaa vivyo hivyo. Badilisha kofia, weka kitambaa cha shingoni, weka tone la rangi ya metali mbele ya kofia mahali pa nembo ya ndege tai, na alama nyekundu za cheo kwenye mkono wa kushoto kwa wenye vyeo vidogo, ombasha na shaushi. Hawa ndio utakaowapeleka Karonga Septemba 1914, walipovuka mto Songwe kuwafuata Waingereza. Mwanzoni mwa vita wengi wao walibeba bunduki ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwambia adui mpigaji amejificha wapi. Kijipamba mbele ya mtutu wa kila aliyepiga kinaonyesha hilo vizuri, na kwenye mchezo kinakukumbusha nani amejifichua. Ukitaka kikosi cha 1917 au 1918, legeza sheria: wakati huo walivaa na kubeba walichoteka.

La pili ni Waaustralia wa Vita Kuu ya Pili, Airfix pia. Wana kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, na askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioingia Burma mwaka 1944 walivaa kofia ya namna hiyo. Wapake kijani cha msituni badala ya kaki, chora kichwa cha kifaru begani kama una mkono wa kufanya hivyo, umemaliza. Hakuna kukata hata shingo moja. Adui ni boksi la Wajapani la Airfix haohao. Kwa mwenye babu aliyekwenda Burma, na wako wengi nyanda hizi, ningesema aanzie hapa na sehemu zote za juu azisome baadaye.

La tatu ni wapiganaji wa Kizulu wa Italeri, kwa ajili ya Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikimaliza kikosi cha kamanda Mjerumani Emil von Zelewski pale, na Zelewski mwenyewe aliuawa. Ngao ndefu ya ngozi na mkuki vinafaa. Ondoa manyoya ya kichwani na mikia ya magotini, ongeza shuka. Baadhi ya watu wataudhika kuona Mzulu akigeuzwa Mhehe. Wakaulize Kalenga, kwenye makumbusho, ngao zilikuwaje, halafu warudi na kisu.

Nafasi ya tatu: rezini za printa ya 3D

Unanunua faili, si askari. Unampelekea mwenye printa Dar, anakuchapia kwa rezini, plastiki ya maji inayogandishwa, kwa skeli unayotaka, mzigo unapanda basi. Forodha huioni, na siku hizi wachongaji wa kompyuta wanatoa hata askari wa tarbushi, ile kofia ya kopo. Kwa nini basi si nafasi ya kwanza? Kwa sababu rezini nyingi ni ngumu na kavu, mtutu unakatika kwa kuguswa, na kati ya Dar na sisi kuna Mlima Kitonga na kondakta anayetupa boksi juu ya magunia. Mwambie mchapaji atumie rezini yenye mnyumbuko na afunge kila mmoja kwenye sponji. Kagua kabla ya kulipa: askari anayenatanata hajaiva, na rezini mbichi inadhuru ngozi. Ukimkwangua, vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Nafasi ya nne: chuma, milimita 28

Ndio wazuri kuliko wote, na wengi wao utawapata wakiwa tayari kwa vita vyetu. Wargames Foundry wana askari na rugaruga (wapiganaji wa kukodiwa) wa karne ya 19. Brigade Games wa Marekani wana kampeni ya Afrika Mashariki yenyewe. Lakini pima uzito. Mtu mmoja wa chuma analingana na wa plastiki kadhaa, na kodi unaijua. Kumgeuza ni msumeno mdogo, dirili ya mkono na waya. Ningeagiza ofisa, mpiga tarumbeta na wapiga Maxim kwa chuma, waliobaki plastiki. Wa zamani walichanganywa na madini ya risasi, hivyo nawa mikono ukishawakwangua na usiwaache mezani penye watoto wadogo.

Milimita 15 na 6 ni za anayetaka kampeni nzima ya jenerali Mwingereza Northey, kutoka Nyasaland hadi Iringa mwaka 1916, juu ya meza moja ya chakula. Zinapendeza kwa wingi. Za kugeuza si hizo, usihangaike.

Na ile mifuko ya mtaani

Wale askari wa kijani wa kichina, wa kama sentimita tano, wanaoning'inizwa kwenye vibanda vya Mwanjelwa kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, hawaingii kwenye jeshi lolote la hapo juu. Ni wakubwa mno. Nunua mfuko mmoja hata hivyo, kabla ya kuagiza kingine chochote. Plastiki yao ni laini kama ya 1/72, kwa hiyo kukata shingo, kupasha sindano na gundi nyeupe utajifunzia hapo. Rangi ya ngozi nayo jaribu kwao: anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, chukua hiyohiyo ongeza njano, gusa mashavu, pua na vifundo vya vidole. Usitumie nyeusi tupu, na usiing'arishe kwa nyeupe, itakuwa kijivu kama ya mgonjwa. Kazi ya kupaka ifanye adhuhuri, hasa Juni na Julai; asubuhi za Mbeya na Njombe rangi haikauki, na vanishi ya kupuliza kwenye hewa ya baridi na unyevu inaacha ukungu mweupe usiofutika.