Ukikodi kitanda Dubai kwa mshahara wa dirham 1,800, anza na jiko

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yanafanana sana. Dada amefika Dubai, mshahara dirham 1,800, kakodi kitanda cha 650 kwenye chumba cha kushirikiana na wengine akafurahi, mwezi ukiisha hana cha kutuma nyumbani, sasa anauliza ahamie Sharjah, mji wa jirani, kwenye bei rahisi ama vipi. Mimi namuuliza kitu kimoja tu, hapo unapokaa unaruhusiwa kupika? Haruhusiwi. Basi hela yako ndiko inakoenda, mpenzi.

Habari za wifi na AC na chumba kina dabo deka ngapi siziongelei, hayo utayaona mwenyewe ukiingia. Jiko ndilo watu hawaulizi. Matangazo mengi yanasema "kupika kidogo" na mtu anadhani karuhusiwa, kumbe ni chai na mayai, siku utakayosonga sima ama ukaange samaki utaitwa pembeni. Haya tupige hesabu. Sahani ya wali kwenye mkahawa wa kawaida weka dirham 12, mara mbili kwa siku, mwezi mzima 720. Anayejipikia mchele, ndengu, mayai, kuku wa kugandishwa na samaki wa pale Waterfront Market ya Deira anaweza kujibana kwenye 300. Hiyo tofauti ya 420 ukiibadilisha kwa kama shilingi 35 za Kenya ni karibu elfu kumi na tano kila mwezi, karo ya mtoto hiyo jamani!

Na ukienda kuliangalia usiridhike eti jiko lipo. Uliza mnapika watu wangapi, rafu yako ya friji ni ipi, na linafungwa saa ngapi, manake wa shifti ya usiku anarudi asubuhi na njaa zake anakuta kufuli.

Sasa sehemu za kukaa. Kwangu mimi ya kwanza ni Al Qusais, hapo hapo Dubai, na sifichi, naipenda kuliko zote. Flati nyingi za kule zina jiko la maana, na metro ya Green Line inapita hapo hapo. Kitanda tuseme 750, pasi ya mwezi ya Nol, ile kadi ya metro na basi, ya zoni mbili 230, chakula 300, jumla 1,280, unabaki na 520. Kama kazi yako iko mbali huko Marina basi itabidi pasi ya zoni zote, 350. Na wanaoingia kazini Jumapili alfajiri wajue metro siku hiyo inaanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo ulizia basi mapema.

Deira naiweka ya pili. Naif, Al Rigga, Al Muteena, uko katikati ya kila kitu na pale Union laini mbili za metro zinakutana. Lakini watu wamejazana mno, na Juni 2025 manispaa ya Dubai iliingia Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa, Al Barsha na Al Raffa kubomoa vyumba vilivyogawanywa kinyume cha sheria. Ukiona ukuta wa mbao katikati ya sebule, ondoka hata kama bei ni tamu, siku wakija wakaguzi wewe ndiye utakayelala nje na begi lako.

Sharjah sasa, hiyo ambayo kila mtu anaikimbilia. Kitanda 450, sawa. Basi la kuingia Dubai 12 kwenda na 12 kurudi, siku 26 ni 624, bado foleni ya barabara ya Al Ittihad ambayo inakula usingizi wako wote. Ukijumlisha na chakula cha kupika unafika 1,374, yaani umeishi mbali zaidi na umetumia zaidi ya yule wa Al Qusais. Na usiporuhusiwa kupika ni 1,794, mfukoni zinabaki dirham sita. Sharjah inamfaa anayefanya kazi Sharjah, basi.

International City, mtaa mwingine wa Dubai, vitanda ni nafuu lakini metro haijafika, Blue Line inatarajiwa 2029. Ajman ni mbali zaidi, hiyo sina la kusema.

Kinachoniuma ni maajenti wa huku nyumbani. Wanamchukulia msichana laki na zaidi, wanamwambia malazi atajijua, na sheria ya Emirates inasema gharama za kumwajiri na viza ni za mwajiri! Tena kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi inatakiwa kuwapa malazi wale wa mshahara chini ya dirham 1,500. Wengi wanaolipwa 1,200 hawajui hilo, wanajilipia kitanda wenyewe. Mwulize ajenti kampuni ina watu wangapi na malazi ni ya nani, akujibu kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.