Uzoefu wangu na WordPress: tovuti ya kwanza ya mtembeza wageni wa Mbeya

Nawapeleka wageni Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kitulo, ile hifadhi ya maua. Ofisi yangu ni begi la mgongoni na simu. Wateja walikuwa wanakuja kwa kuambizana tu, au namba yangu inasambazwa WhatsApp. Nilipotaka tovuti, mafundi wa hapa mjini walinitajia bei zinazopishana kama mbingu na ardhi kwa kazi ileile, nikaona bora nijifunze mwenyewe WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Nimeitumia msimu mzima sasa, na naipa nyota nne kati ya tano.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba WordPress ziko mbili. Ukienda WordPress.com, wao wanakuhifadhia kila kitu, ila kwa mpango wa bure anwani yako inabeba jina lao na matangazo yao yanatokea humo. Ile ya WordPress.org ni programu ya bure, ipo tangu 2003, na unaiweka mwenyewe kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, unayoikodi kwa kampuni ya hostingi. Nilichukua hii ya pili, pamoja na jina la .co.tz, kwa sababu mgeni anayetafuta mtu wa kumtembeza Tanzania akiona hiyo .tz anajua yuko mahali sahihi. Kuiweka ni kubofya kitufe kwenye paneli ya hostingi, basi. Kile kikufuli cha HTTPS, cha kulinda mawasiliano kati ya mgeni na tovuti, pia hostingi nyingi wanakitoa bure kupitia Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti vyake bila malipo. Ukiona unadaiwa hela ya ziada kwa ajili yake, uliza kwanza.

Kujenga kurasa ukiwa na laptopu ni kazi nyepesi: maandishi, picha, kitufe cha WhatsApp, unapanga kimoja chini ya kingine. Kwa simu inawezekana, lakini uwe na subira. Themu, yaani mwonekano wa tovuti, inayokuja nayo inatosha kabisa kuanzia. Plagini, vile viongezi vya kuipa tovuti kazi zaidi, ndizo za kuogopa, maana kila moja inaongeza uzito na inataka kusasishwa, na hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Picha pia. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4, na mtu anayefungua ukurasa wako kwa bando, mtandao ukiwa wa kusuasua kama ulivyo huko njia ya Matamba kuelekea Kitulo, hatasubiri picha sita za namna hiyo. Mimi nazipunguza hadi chini ya KB 200 ndipo nizipandishe.

Sasa kutangaza. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mafunzo mengi ya video yanapokomea. Tovuti ikishakuwa hewani hakuna anayejua kuwa ipo. Ingia kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya kusoma, uhakikishe kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji hakina alama ya tiki. Kisha fungua Google Search Console, huduma ya Google ya kufuatilia tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ni bure, uwape ramani ya tovuti yako, yaani orodha ya kurasa zake. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 WordPress inaitengeneza yenyewe, iko kwenye anwani yako ikifuatiwa na /wp-sitemap.xml. Baada ya hapo ni kungoja, siku kadhaa au hata wiki.

Search Console ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google hadi ukurasa wako ukatokea. Ukurasa wangu wa mbele, ule nilioupamba kwa “Karibu Nyanda za Juu Kusini”, haukuwa unaniletea mtu yeyote. Watu walikuwa wanauliza: maua ya Kitulo yanachanua lini? Gari dogo linafika? Nikaandika ukurasa wa kujibu hayo tu. Maua ni kati ya Desemba na Aprili, ndiyo hiyohiyo mvua, kwa hiyo njoo na gari la juu. Unaweza kupandia Chimala kwa zile kona za mlimani zinazoitwa Hamsini na Saba, au kupitia Isyonje kwa barabara ya Tukuyu. Beba koti, hata kama Mbeya mjini umeacha jua. Ukurasa huo hauna urembo wowote, na ndio unaoniletea meseji nyingi kuliko kurasa nyingine zote. Nikafanya hivyohivyo kwa Ngosi: njia ya msituni inateleza kiasi gani, na kama watoto wanaweza kupanda.

Niliwahi pia kulipia tangazo kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Laiki zilikuja kwa wingi, za watu ambao sidhani kama wana mpango wa kukanyaga Mbeya. Wasifu wa biashara kwenye Google ni bure na umenisaidia zaidi. Hata kama huna ofisi unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia, na wageni wakishuka mlimani unawaomba waache maoni kabla hawajapanda basi.

Kwa anayetaka kuanza: soma bei ya mwaka wa pili wa hostingi kabla ya kufurahia ile ya mwaka wa kwanza. Na jina la tovuti, hata kama fundi ndiye anakusajilia, hakikisha linasajiliwa kwa barua pepe yako na si yake, maana mwenye ile barua pepe ndiye anayeweza kulihamisha.